Nyangumi Wauaji Hawahifadhiwi kwa Kuhesabu Vichwa

Habari nyingi zinazoandikwa juu ya nyangumi wauaji wanaokula samoni katika maji ya Salish Sea, kati ya jimbo la Washington nchini Marekani na British Columbia nchini Kanada, huanzia na kuishia kwenye idadi yao: wamebaki takriban 75. Idadi hiyo inatisha kweli, lakini naona inaficha jambo zito zaidi. Nyangumi hawa wanaishi kiukoo, na ukoo wenyewe umesimama juu ya mama.

Katika jamii hii mtoto hamwachi mama yake. Dume hujamiiana na majike wa makundi mengine kisha hurejea kwao, na hata akishakomaa, pezi lake la mgongoni likiwa limesimama wima kwa karibu mita 2, bado huogelea ubavuni mwa mama. Watafiti wamemwona mama akikamata samoni aina ya Chinook, akamng'ata vipande viwili, akala kimoja na kumwachia mwanawe cha pili. Malezi hayo yana gharama, kwani jike anayeendelea kumlisha mwana wa kiume huwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata mtoto mwingine. Hata hivyo hayaendi bure: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba dume wa zaidi ya miaka 30 anapofiwa na mama, hatari ya yeye mwenyewe kufa katika mwaka unaofuata huongezeka takriban mara 14.

Jike huacha kuzaa akikaribia miaka 40, naye huweza kuishi miongo kadhaa baada ya hapo, jambo lililo adimu mno miongoni mwa wanyama. Bibi huyo ndiye hutangulia mbele ya kundi, hasa miaka ambayo samoni ni haba, na akifa, wajukuu wake huwa hatarini zaidi. Kwenye orodha ya idadi, hata hivyo, jike asiyezaa tena huonekana kana kwamba mchango wake umekwisha. Hapo ndipo tunapokosea.

Wapo wanaosema kwamba nyangumi wauaji wamejaa katika bahari zote za dunia, hivyo kupotea kwa kundi moja si hasara kubwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika maji hayohayo hupita nyangumi wengine wauaji wanaowinda sili na pomboo, wakinyamaza kimya wakati wa kuvizia. Hawali samoni, wala hawazaliani na wenzao hao. Kule Antaktika, wengine huogelea bega kwa bega kuelekea bamba la barafu na kuinua wimbi linalomwangusha sili majini. Kila jamii ina chakula chake, mbinu zake na milio yake, na watoto huyapata hayo kwa kukaa na wakubwa wao. Likitoweka kundi la Salish Sea, hakuna jingine litakalokuja kushika nafasi yake.

Kwa hiyo serikali za nchi zote mbili zipimwe kwa mambo mawili: Chinook wangapi wanafika mitoni kutaga mayai, na meli zimepunguza mwendo kiasi gani ili kelele zake zisizime mwangwi ambao nyangumi hawa huutegemea kumtafuta samaki.