Nauli Ianze Kuhesabiwa Mwanza

Hapa Makoroboi, kwenye maduka ya Mwanza, kila mtu ana rafiki anayejua njia ya mkato ya tiketi rahisi ya ndege. Usipandie Mwanza, atakwambia, kapandie Nairobi. Mwingine atakutuma Entebbe. Mwaka juzi nilimsikiliza mmoja wao nilipokuwa nafuata mzigo Guangzhou. Tiketi ya kwenda na kurudi kutokea Nairobi ilikuwa chini kwa dola 140 kuliko ya kutokea Mwanza kupitia Dar. Nikajiona mjanja.

Sasa hesabu nami. Basi kupitia Musoma na Sirari mpakani, kwenda na kurudi. Gesti usiku mmoja, maana basi la siku ileile huwezi kuliamini. Teksi hadi uwanjani. Kula. Wakati wa kurudi ndege ikachelewa, basi likaniacha, gesti tena. Nilipofika dukani nikatoa kalamu: nilikuwa nimeokoa dola 11, na siku tatu duka lilikuwa limefungwa.

Sisemi Nairobi haina faida. Mashirika ni mengi pale, tangu 2018 kuna hata ndege ya moja kwa moja hadi New York, na wanaposhindana bei hushuka. Mtu wa Tarime simbishii, Sirari kwake ni pua na mdomo. Sisi wa Mwanza ndio tunaosahau kwamba safari inaanzia mlangoni.

Lipo kosa baya zaidi: kununua vipande. Unachukua Mwanza–Dar kwa shirika moja na Dar–Guangzhou kwa jingine, tiketi mbili tofauti, kwa sababu jumla imepungua kidogo. Ndege ya Mwanza ikichelewa, ile ya pili haikujui. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea, na mara nyingi hela imekwenda. Kama zote ziko kwenye tiketi moja, ukikosa ndege kwa kuchelewa kwao, kukutafutia nyingine ni kazi yao.

Na wale wanaonunua tiketi moja Mwanza–Dar–ng'ambo, kisha wakaamua kwenda Dar kwa basi kwa sababu wana shughuli Dodoma: msifanye hivyo bila kuuliza. Ukiruka kipande cha kwanza, kwa kawaida mfumo unafuta vyote vinavyofuata, hadi cha kurudia.

Kwa safari za mbali, kwenda na kurudi kwenye tiketi moja kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua upande mmoja mmoja. Mwanza–Dar ni habari nyingine. Mara nyingi bei ya kwenda na kurudi ni pande mbili zimejumlishwa tu, kwa hiyo hakuna dhambi kwenda na shirika hili na kurudi na lile.

Wengi bado wanaikumbuka Fastjet, lile shirika la ndege za bei nafuu, ilivyoanza Novemba 2012, na nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu walikwenda dirishani wiki ya safari wakitaka bei hiyo, wakatoka wananung'unika. Bei ile ilikuwa ya aliyewahi. Na hapa ndipo mfumo wenyewe unaponiudhi, kwa sababu wengi wetu tunapanda ndege kwa msiba, na msiba hauna tarehe. Anayekwenda kuzika analipa kuliko anayekwenda harusini. Desemba nayo sote tunaijua tangu Januari, lakini tunanunua tarehe 18.

Halafu sato. Nauli ya chini kabisa huenda isiwe na begi la kukabidhi, na sijamwona mtu wa Mwanza akienda Dar mikono mitupu. Boksi la samaki likipimwa pale uwanjani, unalipa palepale, kwa bei ya palepale. Lipia mzigo unaponunua tiketi.

Mwezi wa sita nakwenda tena Guangzhou. Tiketi ninayo tayari, Mwanza hadi mwisho, risiti moja. Rafiki yangu wa njia ya mkato ameniita mvivu.