Triga si tarishi

Kwenye SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, kuna mtego unaonasa hata wazoefu: kuita sp_send_dbmail, amri ya kutuma barua pepe, ndani ya triga (msimbo unaojiendesha data inapobadilika) ya jedwali la oda. Majaribio yanapita, barua inafika, kazi inahesabiwa imekwisha. Mimi naona hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kutumia Database Mail, huduma ya barua pepe ya SQL Server.

Triga huishi ndani ya muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kufutwa yote. Aliyeingiza oda asipokuwa kwenye DatabaseMailUserRole (kundi lenye ruhusa ya kutuma barua) ya msdb, hifadhidata ya ndani ya SQL Server, triga inagoma na oda inafutika pamoja nayo. Mauzo yamepotea kwa sababu ya taarifa tu! Ukitumia @query, yaani kutuma matokeo ya hoja ndani ya barua, mambo huharibika zaidi, maana hoja hiyo huendeshwa katika kikao kingine. Ikisoma jedwali lilelile, kwa mpangilio wa kawaida itangoja kufuli zilizoshikwa na muamala wako, na muamala nao unaingoja barua. Tena triga huwaka mara moja kwa kila kauli, si kwa kila mstari. Ingiza oda 500 kwa kauli moja, na msimbo uliochota thamani kwenye kigeu utataja oda moja tu.

Tengeneza jedwali la foleni lenye mpokeaji, kichwa, ujumbe, muda wa kuingia na muda wa kutumwa. Triga iandike humo basi. Kazi ya SQL Server Agent, kipanga-ratiba cha SQL Server, ipite kila baada ya dakika 5, ichukue mistari ambayo muda wa kutumwa ni NULL (haujajazwa), ikusanye ya mpokeaji mmoja kwenye barua moja, kisha ijaze muda. Hakuna meneja anayesoma barua 500 kwa siku.

Jibu la “Mail queued” lisikudanganye: maana yake barua imeingia foleni ya Database Mail tu. Hata hali ya “sent” inathibitisha kwamba seva ya SMTP, inayosafirisha barua pepe, imeipokea, si kwamba imemfikia mtu. Barua zisipotoka, anza na sysmail_event_log, kumbukumbu ya matukio na makosa ya Database Mail. Mara nyingi utakuta nenosiri limebadilishwa, au poti ni 465, ambayo Database Mail haielewani nayo. Weka 587 na uwashe TLS (usimbaji wa mawasiliano). Kiambatisho kisizidi baiti 1,000,000 kama hujagusa mipangilio.

Barua zote, pamoja na viambatisho, hubaki ndani ya msdb hadi uzifute. Panga sysmail_delete_mailitems_sp kila wiki, ifute zilizozidi siku 30.