Manabii wa mezani pa mfalme

Mfalme Ahabu alikuwa na manabii 400, na wote walimwambia apande kwenda vitani Ramoth-Gileadi, ushindi ni wake. Yehoshafati, mgeni wake, hakuridhika; akauliza kama hakuna mwingine. Yuko, Ahabu akajibu, anaitwa Mikaya, lakini namchukia kwa sababu hanibashirii mema. Kisa kiko 1 Wafalme 22. Anayenikera mimi si wale 400. Ni yule mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya, akamwambia wenzako wote wametabiri mema, basi na wewe sema kama wao. Huyo namjua. Hakosekani kwenye baraza la wazee wa kanisa.

Siku hizi unabii ni bango tu barabarani. Kuna nabii wa mafuta, nabii wa maji, nabii wa kukutajia namba yako ya simu mbele ya watu. Kule Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Na mabango hayakupungua.

Sisi Wakenya hatuwezi kusema hatujui nabii anafananaje. Mwaka 1988, watu walipopangwa foleni nyuma ya wagombea katika uchaguzi wa mlolongo, viongozi wa kanisa akina Gitari, Okullu, Muge na Njoya walisema wazi kwamba huo si uchaguzi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alisema pia juu ya unyakuzi wa ardhi. Agosti 1990 waziri Peter Okondo akamwonya hadharani: akikanyaga Busia atauona moto, na huenda asitoke hai. Tarehe 14 Muge akaenda, akahubiri, akaanza safari ya kurudi. Njiani gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Ajali, tukaambiwa.

Sidai kila mchungaji afe. Hata kurudisha pesa kungetosha kwa kuanzia. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza Rais Ruto arudishiwe shilingi milioni 2.6 alizotoa katika parokia ya Soweto, kwa nyumba ya padri na kwa kwaya. Siku chache kabla, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikemea serikali kwa utamaduni wa uongo. Wangezipokea zile pesa, lile tamko lingekuwa karatasi ya kufungia maandazi. (Mimi si Mkatoliki, lakini siku hiyo niliwaonea wivu.)

Maana kwetu tulifanya harambee ya paa. Mheshimiwa alifika ibada ikiwa katikati, kwaya ikakatiza wimbo, wazee wawili wakainuliwa viti vya mbele ili walinzi wakae. Alipewa maikrofoni kabla ya mahubiri, akaongea dakika 40, akawatukana wapinzani wake huku Biblia imefunguliwa mbele yake. Kisha bahasha. Mchungaji aliipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.

Miezi michache baadaye vibanda vya sokoni vilivunjwa usiku, na kila mtu alijua mheshimiwa alikuwa akikitaka kiwanja kile. Akina mama watatu waliopoteza bidhaa zao ni waimbaji wetu wa sauti ya kwanza. Jumapili iliyofuata nilikaa nikisubiri. Mchungaji akafungua Malaki 3, akahubiri fungu la kumi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu, na mabati yale mapya hayakuvuja hata tone.