Luwombo Hulala Saa Tisa, Bendi Huamka Saa Nne

Aliyeipangia Kampala ratiba hakuwa na mke. Angekuwa naye, angejua kwamba mtu akitamka nyumbani, "Wikendi hii twende mjini, tule vya asili, tusikilize bendi," hiyo ni ahadi moja. Kampala imeikata vipande viwili na kuvitenga. Luwombo, yaani kitoweo cha kuivia ndani ya jani la mgomba, na matoke ni mambo ya mchana. Ikigonga saa tisa masufuria yameshasuguliwa na mama wa jikoni anahesabu pesa zake. Bendi ni mambo ya usiku. Tangazo linasema saa mbili, wapiga magita wanaonekana saa nne. Katikati pamebaki saa saba, na ndizo zinazompa mama watoto nafasi ya kuuliza maswali ambayo hukuyaandalia majibu.

Sisi wa Jinja ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu tunadanganywa na ukaribu. Kilomita 80 tu! Basi mtu anaamka Jumamosi saa mbili, anaoga kwa mashauri, ananyoa ndevu moja moja, anafika stendi saa nne. Teksi ya abiria 14 haitoki mpaka wakae 14, na wale vijana wawili waliotulia kimya kiti cha mbele huenda si abiria. Ni wa stendi, wamepandishwa ili wewe uone gari limekaribia kujaa. Ukishalipa wanashuka, unaanza kuhesabu vichwa upya. Halafu barabara: Mabira mnapita vizuri, Lugazi vizuri, mkifika Mukono gari linaanza kusita, na kutoka Seeta hadi Kireka mnakwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Mjini mnaingia saa nane na nusu. Chakula kimeshakupita, ila bado hujajua.

Anayetaka kula aondoke saa kumi na mbili asubuhi. Na kama malazi yake ni upande wa Ntinda, ashuke Nakawa, ambapo barabara ya Ntinda inachipukia, asikubali kuteremshwa mpaka Old Taxi Park, stendi ya katikati ya mji. Anayeshuka huko chini atatumia saa nzima kuupanda tena mji alioushuka, tena kwa bahati nzuri atakuwa bado na simu.

Kuhusu pesa, serikali nayo inasafiri na wewe. Kutoa pesa kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5, mbali na ada ya kampuni ya simu. Toa 200,000, shilingi 1,000 ya kodi imekwenda kabla hujaonja hata chumvi. Kodi huikwepi kwa kutoa kidogo kidogo, maana asilimia ni asilimia. Lakini ada nayo hukatwa kila unapotoa, kwa hiyo anayetoa 20,000 mara kumi anachunwa mara kumi. Toa mara moja, ubadilishe upate noti ndogo, umpe mama watoto nusu aweke anapojua yeye.

Sasa tukae mezani. Mgeni husoma ubao: matoke, wali, posho (ndio ugali), viazi vitamu, muhogo, malenge, kalo (ugali wa ulezi). Anaanza kujumlisha bei kichwani, jasho linamtoka. Acha kujumlisha. Hivyo vyote kwa pamoja ndivyo vinavyoitwa chakula, na vinakuja sahani moja. Unacholipia ni mchuzi. Maharage na binyebwa, mchuzi wa karanga, viko chini, samaki yuko juu, luwombo ya kuku imekaa kileleni. Mama watoto akisema leo anajibana, anataka malenge tu na mchuzi wa luwombo, usishangilie. Bei ni ile ile; amewaachia wenye hoteli wali wao.

Na luwombo haiharakishwi. Jani changa la mgomba linababuliwa juu ya moto hafifu mpaka lilainike, kisha mshipa wake mnene wa katikati unapunguzwa kwa kisu bila kulitoboa. Kuku anapitishwa kwanza motoni au kwenye moshi, ndipo anaingia ndani ya jani pamoja na karanga zilizosagwa, uyoga, kitunguu na chumvi. Jani linakusanywa juu, linafungwa kwa kamba ya mgomba huo huo, kifurushi kinakaa kwenye mvuke saa mbili na zaidi. Kazi hiyo imeanza asubuhi, na mama wa jikoni amefunga vifurushi vya watu aliowatarajia. Waliokwama Seeta hawakuwamo kwenye hesabu. Mchuzi wa kawaida ukipungua unaongezwa maji, mambo yanaendelea. Kifurushi cha mwisho kikifunguliwa hakuna cha kuongeza. Ndipo unaambiwa, "Ssebo, luwedde," yaani bwana, imekwisha, kwa upole wa kuua mtu.

Ukiikuta, dai ifunguliwe mezani, mbele ya macho yenu. Iliyofunguliwa jikoni huwa imepungukiwa na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni paja. Kiangalie kifurushi kabla ya kamba kukatwa: kikiwa kimelegea na chini hakuna mchuzi, jani lilitoboka, na ule uzito wote wa karanga umeteremkia kwenye maji ya sufuria. Utakula kuku mkavu kwa bei ya kuku wa mchuzi.

Matoke nayo ina hasira zake. Chini ya sufuria hupangwa vikonyo vya majani ili ndizi zisiguse maji, ndizi zimefunikwa majani tabaka kwa tabaka, na zikiiva hubinywa kwa mikono zikiwa humo humo majanini, kisha zinarudishwa kwenye moto mdogo zitulie. Hapo ni laini, njano, zinatoa moshi. Ila usianzishe mazungumzo ya ada za shule wakati huo. Zikipoa zinagangamaa, uma unakataa, na hakuna mchuzi wa kuzibembeleza. Ukihisi utamu usioeleweka, walimenya ndizi zilizokwisha kuanza kuiva. Hilo halirekebishwi, kula tu.

Malazi sina maneno mengi. Uliza chai ya asubuhi ni ya watu wangapi, kwa sababu vyumba vingi "vya watu wawili" vina chai ya mtu mmoja, na mwingine analipia. Mtaamua wenyewe nani kati yenu ni huyo mwingine. Omba chumba cha nyuma, mbali na jenereta na mbali na kanisa lenye kesha. Swichi ya maji moto washa nusu saa kabla ya kuoga. Zile saa saba zilizobaki ni za kulala. Wapo watakaokushauri kupanda mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala uone mji wote. Mji unaonekana kweli, lakini ngazi zinapita 300, na matoke iliyo tumboni nayo inahesabiwa kama abiria.

Jioni, kabla ya kulipa kiingilio, hakikisha kilichotangazwa ni bendi. Picha ya gita kwenye tangazo si ushahidi. Kampala ina karioki, ambapo mtu anapanda jukwaani anachezesha midomo huku sauti ya mwingine ikitoka kwenye spika. Wengine ni mafundi hasa, wanatoa machozi yao wenyewe kwa kilio cha kukodi. Si vibaya, ila sicho ulichomwahidi mtu. Pita saa kumi na mbili uchungulie jukwaa. Ukiona ngoma za seti, maboksi ya magita na nyaya zimetambaa kila mahali, bendi ipo. Ukiona kompyuta moja na maikrofoni mbili, mrudi mkalale.

Na bendi zipo. Afrigo Band ipo tangu 1975, Moses Matovu na saksafoni yake akiwa mmoja wa walioianzisha, na watu waliozeeka kazini namna hiyo hawahitaji kukupasua masikio ili uwasikie. Shida ni mahali unapokaa. Mwanamume akitaka kuonekana mwanamume anachukua meza ya mbele. Mtego! Spika za besi ziko chini, usawa wa magoti yako. Zile za sauti ya mwimbaji zimenyanyuliwa juu, zinarusha maneno yanapita juu ya kichwa chako kwenda kwa wa nyuma. Wewe uliyelipia meza ya mbele unapigwa kifuani usiku kucha na hujui wimbo unasema nini. Kona pia usiikubali, besi hujikusanya ukutani. Mtafute fundi wa mitambo na meza yake ya vitufe. Yeye anarekebisha kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo muziki uliosawazishwa vizuri kuliko wote ukumbini ni ule unaomfikia alipokaa. Weka kiti mbele yake kidogo, usimzibe.

Ule mlio unaochoma masikio katikati ya wimbo mtamu si shetani. Maikrofoni imegeukia spika, inasikia sauti yake, inairudisha, inaisikia tena. Mwimbaji akirudi nyuma ya spika unakoma. Mwimbaji harudi. Anasogea mbele zaidi na kuuliza, "Kampala mpo?"

Akipanda mtu wa kadongo kamu, muziki wa masimulizi, na gita lake na hadithi ndefu ya Kiganda, utaona meza nzima ya jirani imeangua kicheko. Usicheke kabla hujajua wanacheka nini. Mama watoto atakugeukia akuombe tafsiri, na hapo ndipo waume wengi wa mtaa wa Walukuba, kwetu Jinja, wamewahi kutunga hadithi ambazo mtunzi hakuwahi kuzifikiria.

Kiingilio kikiwa bure, soda ndiyo tiketi. Soma bei kabla ya kuagiza. Na saa tano njaa itarudi, kwa sababu ulikula saa sita. Jikoni wana chipsi, kuku na muchomo, basi. Muchomo uliza ni nyama ya nini, uulize kwa maneno kamili, usiridhike na mtu kutikisa kichwa: nguruwe ana mashabiki wengi mno Kampala, na mshikaki gizani hauonyeshi dini.

Cha asili kinachobaki macho usiku ni rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, na mtaani Wandegeya wanaokaanga hawalali. Simama karibu na jiko utazame, usikae kwenye boda ukisubiri kuletewa. Mayai mawili yanavunjwa kwenye kikombe, yanapigwa na kabichi, kitunguu, nyanya na chumvi, yanamwagwa kwenye kikaango cha bapa chenye mafuta. Chapati inatakiwa kulazwa juu wakati yai bado bichi upande wa juu, ndipo vishikane. Kisha vinageuzwa pamoja, vinakunjwa. Muuzaji akiacha yai likauke ndipo aweke chapati, havikushikana, na ukiuma mwanzo kabichi inatokea mwisho, kwenye shati la kutokea. Chapati zilizorundikwa tangu magharibi azipashe kwanza. Na afunge kwa karatasi. Kwenye kavera, mfuko wa plastiki, mvuke hauna pa kutokea, inakuwa uji wa ngano.

Boda ya usiku mpatane bei kabla mguu haujanyanyuka. Mwendeshaji atawaangalia wawili, ataangalia kiti, ataitaja bei ya watu wawili kwa pikipiki moja. Chukueni mbili. Ni ghali, lakini mshikaki wa mume, mke na begi kwenye mteremko wa Wandegeya unahesabiwa hospitalini.

Mahali ambapo chakula na ngoma vinakaa chumba kimoja papo. Ni Ndere Cultural Centre, Ntinda upande wa Kisaasi, kwa Stephen Rwangyezi, aliyeanzisha kikundi cha Ndere mwaka 1984. Unakula huku mabinti wanacheza na mitungi imepandana kichwani na hakuna unaoanguka. Amadinda, marimba ya Kiganda, ina vibao 12 vilivyolazwa juu ya vigogo vya mgomba, na wapigaji watatu wanapokezana kwa kasi hadi hujui nani kapiga kipi; mgomba ule ule uliokulisha mchana sasa unabeba muziki. Engalabi, ngoma ndefu, imewambwa ngozi ya kenge. Siku ya mvua ngozi hulegea na mlio unazama, ndiyo maana utaona ngoma zinaoteshwa moto kabla ya onyesho, si tambiko. Sasa onyesho kwa kawaida huwa Ijumaa na Jumapili jioni. Umekuja Jumamosi. Kampala imeviweka pamoja kabla hujafika na baada ya wewe kuondoka. Mwenye akili aombe ruhusa kazini Ijumaa mchana.

Jumapili asubuhi kula katogo mapema, kabla ya saa nne. Ni ndizi na utumbo vimeiva chungu kimoja, na kosa lake ni moja tu: utumbo unataka kuchemshwa peke yake muda mrefu kwanza, kwa sababu ndizi hulainika upesi. Mpishi akiviweka pamoja tangu mwanzo, utapata ndizi zilizovurugika na utumbo unaorudisha meno nyuma. Onja kipande kimoja cha utumbo kabla hujalipa.

Kurudi, panda teksi kabla ya saa nane, na mkae upande wa kushoto, dirisha linalofunguka. Mkifika Namawojjolo, wauzaji watalifunika gari: vijiti vya kuku, ndizi za gonja za kuchoma, maji, vyote vimeingia dirishani kwa wakati mmoja na hujui mkono upi ni wa nani. Chukua kijiti chenye nyama inayotoa moshi, si kile kilichopakwa mafuta king'ae. Kishike kwanza, ndipo utoe pesa, tena kamili. Ukitoa noti ya 20,000 dereva anaondoa gari, kijana anakimbia ubavuni akitafuta chenji mifukoni, mama watoto anakutazama, na konda anasema Najjembe huko mbele pia kuna kuku.