Jua la Kisumu Si la Nairobi

Wasanifu majengo siku hizi huleta mezani picha za rangi zilizokokotolewa na kompyuta kuonyesha mwanga wa jua ndani ya jengo: hapa darasani mwanga unatosha, pale kuna giza. Mteja anapendezwa, anatia sahihi. Mimi huuliza kwanza jua lililotumika ni la wapi.

Mara nyingi ni la Nairobi, kwa kuwa faili yake ya hali ya hewa, ile inayolishwa kwenye programu, hupatikana upesi. Lakini Julai Nairobi hushinda chini ya mawingu, watu wamejifunika masweta, huku Kisumu jua likiwaka tangu asubuhi. Madirisha yaliyopimwa kwa anga ile yatakuwa mapana mno hapa Kisumu, na wanafunzi watashinda wamefunga mapazia, taa zinawaka. Hasara juu ya hasara.

Anayetumia data ya setilaiti ana nafuu, ila naye aulizwe ukubwa wa mraba, yaani eneo linalopewa thamani moja. Mionzi ya jua ya NASA POWER, hifadhi ya data ya shirika la anga la Marekani, hutolewa kwa miraba ya digrii moja, takriban kilomita 110 kila upande. Mraba huo unaweza kumeza Ghuba ya Winam pamoja na vilima vya Kisii, na yeyote aliyeishi huku anajua mawingu ya alasiri hayagawanyiki hivyo. PVGIS, huduma ya Ulaya ya data ya jua inayotegemea picha za setilaiti za Meteosat, ina miraba midogo zaidi. Mimi ningeanzia huko.

Kwa anayeweka sola juu ya paa, jumla ya mwaka ikikaribia ukweli inamtosha. Mwenye dawati karibu na dirisha anahitaji zaidi: mionzi mingapi imekuja moja kwa moja kutoka kwenye jua, na mingapi imetawanywa na mawingu. Mgawanyo huo aghalabu haupimwi, hukokotolewa. Hata modeli ya anga ya Perez ya 1993, hesabu ya jinsi mwanga unavyosambaa angani, inayotumiwa na programu nyingi za mwanga, ilitokana na vipimo vya Berkeley, California. Siikatai, ni kazi nzuri. Ila anga ya Berkeley haijui radi zetu za saa kumi jioni.

Kaunti ikijenga shule au maktaba kwa pesa za umma, iweke pairanomita (vipima mionzi ya jua) mbili juu ya paa, moja ikiwa na kivuli cha kuzuia jua la moja kwa moja, na mtu wa kufuta vumbi na kinyesi cha ndege. Kabla ya hapo, chini ya kila picha ya rangi iandikwe data imetoka wapi, ni ya miaka gani, na ilipimwa au ilikokotolewa.