Hedi ile ile, majibu mawili
Jamani hii kitu imenichosha. Niko huku Marekani, wikiendi nashika spana kwenye gari ya jamaa yangu, zile mbio za robo maili, mita 402, daraja la Stoku ambapo injini inatakiwa ibaki karibu na ilivyotoka kiwandani. Kamshafti kwa mfano, ile shafti inayofungua valvu, valvu isinyanyuke kupita kipimo cha kiwandani ila muda wa kukaa wazi unachagua mwenyewe, na hiyo silalamiki kabisa maana imeandikwa, kila mtu anaisoma. Kinachoniuma ni hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu na njia za hewa. Kusaga njia za hewa marufuku, sawa, mkaguzi akaja na tochi akaingiza kidole akapapasa akasema hapa pamesagwa, tukamwonyesha ni mkwaruzo wa kiwandani kabisa, hataki, nje. Na mwezi uliopita hedi ya namba ile ile, mkwaruzo pale pale, gari ya mwingine ilipita na mkaguzi ni yeye yeye! Sasa fundi wa watu afanyeje, pesa ya gasketi ya kuifungia tena hedi peke yake inauma.

Mwaka 2016 NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi huku, walipowaondolea Pro Stock, daraja lingine la juu, kabureta wakawawekea injekta za mafuta na kikomo cha mizunguko 10,500 kwa dakika watu walilia gharama, lakini angalau iliwapata wote siku moja. Mimi nataka hivyo tu, ukinikatalia hedi yangu basi mkatalie na yule, na uniandikie sababu kwenye karatasi.