Santuri za taimukodi kusini: tafuta kadi ya sauti kwanza, programu ifuate

Kontrola moja (kile kibao cha visahani na vitufe cha kuendeshea programu), kompyuta mpakato na flashi iliyojaa nyimbo vinatosha kumpa riziki dijei wa Mtwara. Iwe sendofu ya Ligula, disko toto la Idi au harusi ya msimu wa korosho kule Tandahimba, hakuna mgeni anayeinama kutazama mezani kuna mashine gani. Pamoja na hayo wapo vijana, Mtwara mjini, Lindi na Masasi, wanaotaka kupiga muziki kwa mashine za santuri zilizounganishwa na kompyuta. Wengine wanataka kuskrachi, yaani kuvuta na kusukuma santuri kwa mkono mpaka ilie. Wengine wamechoka kuzungusha visahani vya plastiki. Na wengine, tuseme ukweli, wanapenda tu zinavyoonekana. Sababu zote hizo ni halali.

Wakishaamua, ubishi unahamia kwenye ununuzi. Upande mmoja unasema: nunua seti ya kampuni, kadi ya sauti (kisanduku kinachounganisha mashine za santuri na kompyuta) na programu vilivyotengenezwa kwenda pamoja, ulale usingizi wako. Upande wa pili unauliza: ya nini kujifunga? Chukua kadi ya kawaida ya studio, weka programu ya bure, pesa inayobaki ikanunue sindano. Mimi niko karibu zaidi na upande wa pili, ingawa si kwa sababu zinazotajwa sana, na kuna mahali ambapo upande wa kwanza unaubwaga bila ubishi.

Nusu ya malumbano haya ingekwisha kama watu wangejua kadi ina kazi gani hapo. Santuri ya taimukodi haina wimbo. Ina mlio mmoja mwembamba tangu mwanzo hadi mwisho. Ule wa programu ya Serato una mawimbi 1,000 kwa sekunde, ule wa programu ya Traktor wa toleo la kwanza una 2,000. Ukisukuma santuri mlio unapanda, ukiibana unashuka, na programu inasoma humo kasi ya mkono wako. Mlio huo umewekwa kushoto na kulia, ila upande mmoja umetangulia mwenzake kwa robo ya wimbi. Ukirudisha santuri nyuma, uliotangulia unakuwa umefuata, na programu inajua umegeuza. Ndani ya mlio huohuo nguvu inapanda na kushuka kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ndio unaoonyesha sindano imefika wapi. Wimbo wenyewe unatoka kwenye kompyuta.

Maana yake ni kwamba kadi yenye sauti nzuri ya kutoa haitoshi. Kazi ngumu iko upande wa kuingiza. Mashine mbili, kila moja kushoto na kulia, zinahitaji viingilio vinne. Ukitaka kuchanganyia kwenye mikisa yako ya nje, utahitaji pia vitokeo vinne. Hapa wengi wanakwama, kwa sababu kadi zilizozagaa kwenye studio za mtaani, mfano Focusrite Scarlett 2i2, zina viwili kwa viwili. Kwa kurekodi sauti ya msanii ni kadi safi. Kwa shughuli hii inabeba mashine moja tu. Behringer UMC404HD ina vinne kwa vinne, na ndiyo maana jina lake hutajwa sana na watu wa upande wa pili.

Lakini kuhesabu matundu hakutoshi. Sindano ya sumaku inatoa umeme wa milivolti chache tu, kidogo mno kwa kiingilio cha laini, yaani kile cha kawaida kinachotegemea ishara yenye nguvu. Zaidi ya hapo, santuri yoyote ya muziki hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA, na lazima kiwepo kitu cha kuzirudisha mahali pake. Kitu hicho ni priampu ya fono. Kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya madijei, kama Rane SL3 au Audio 6 ya Native Instruments, zinayo ndani, na unachagua fono au laini. UMC404HD haina. Baadhi ya mashine za santuri zina priampu yake ndani, Audio-Technica AT-LP120 ni mfano, lakini Technics SL-1200, ile ambayo madijei wa dunia nzima wameisotea tangu miaka ya 1970, haina. Basi utanunua priampu mbili za pembeni, na adapta zake mbili za umeme, na waya za kuunga. Ukijumlisha, ule unafuu uliokupeleka kwenye kadi ya kawaida umepungua sana.

Upo ujanja wa kukwepa gharama hiyo. Kanuni ya RIAA haiongezi wala kupunguza kitu kwenye mawimbi 1,000 kwa sekunde, na hapo ndipo ulipo mlio wa Serato. Kwa hiyo ukiweza kuinua nguvu ya ishara peke yake, programu itasoma vizuri, na Mixxx, programu huria ya bure ya madijei, ina mpangilio wa kuinua ishara hiyo ndani kwa ndani. Kwa taimukodi unafanya kazi. Siku mzee wa ukumbi akikuletea santuri yake halisi ya taarabu uipige, itatoka kama redio ya betri iliyochoka, haina besi kabisa. Kwa anayejifunzia nyumbani ujanja huu unatosha. Kwa mwenye kulipwa, hapana.

Hapo upande wa kwanza unashinda. Seti ya kampuni imeshapimwa: unachomeka, unaweka sindano, kwenye skrini unaona miduara miwili iliyotulia, mmoja kwa mlio wa kila mashine, unaanza kazi. Kadi nyingi za aina hii pia zinaweza kupitisha sauti ya santuri halisi moja kwa moja hadi kwenye mikisa. Anayebeza hayo bado hajasimama mbele ya watu 300, MC anamtazama, na kompyuta inamwambia haioni kadi.

Gharama yake inakuja baadaye. Serato Scratch Live ilitoka 2004 pamoja na kisanduku cha Rane SL1, na kwa miaka kadhaa ndiyo ilikuwa lugha ya kumbi kubwa za Marekani na Ulaya. Mwishoni mwa 2012 ikaja Serato DJ, na SL1 haikuwamo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa. Mwaka 2015 Scratch Live ikaachwa rasmi. Kisanduku kikabaki kizima, taa zinawaka, viingilio vinne vinapokea, ila hakuna programu mpya ya kampuni hiyo inayokitambua. Serato mpaka leo inasoma taimukodi kwa vifaa ilivyoviidhinisha tu. Wenye programu nyingine walilegeza: Traktor Pro 3 ya 2018 haikuchagua tena kadi, na VirtualDJ haijali sana ni kadi gani wala ni santuri ya nani.

Kwa kijana wa Berlin au Chicago hili ni usumbufu. Kwetu ni zito zaidi, kwa sababu vifaa vingi vya namna hii vinatufikia vikiwa mtumba, vikipitia Kariakoo, baada ya kutumika kwingine miaka kumi. Vinatufikia katika umri uleule ambao kampuni inaviacha. Ushauri wa kununua seti iliyofungwa umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua kipya dukani. Ukiununua pamoja na kisanduku cha mtumba, umenunua nusu ya ushauri.

Programu huria nazo zina mchango ambao watu hawautaji. Kadi za zamani za Native Instruments, Audio 4 DJ na Audio 8 DJ, ni ngumu kuzipatia draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta itambue kadi, kwenye kompyuta mpya za Apple. Kwenye Linux, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, draiva yake imo ndani ya mfumo wenyewe, na Mixxx inazitumia. Kwa pesa ya mtumba unapata kadi yenye viingilio vya fono vya kweli, na programu isiyodaiwa senti. Mixxx inasoma santuri za Serato, za Traktor toleo la kwanza na za MixVibes, kwa hiyo hata santuri yenyewe haikufungi. Kwa macho yangu huo ndio ununuzi bora kwa mtu wa kusini mwenye bajeti ndogo, bora hata kuliko kadi mpya ya studio.

Sasa matatizo yake, na si madogo. La kwanza ni msaada. Saa tano usiku Nachingwea, kompyuta ikigoma, utampigia nani? Karibu kila dijei anayetumia kompyuta huku anaijua VirtualDJ. Wa kukuelekeza Linux kwa simu utamtafuta sana. Ujuzi wa jirani ni sehemu ya kifaa, na unahesabika kwenye bei. La pili ni picha. Harusi nyingi siku hizi zina skrini, na bwana harusi anataka video. VirtualDJ inapiga video, Mixxx haipigi. Mtu ambaye mkate wake ni kumbi za harusi hapo ameshajibiwa, hata kama moyo wake uko kwenye programu huria. Anachotakiwa ni kulipia leseni: VirtualDJ ni bure kwa matumizi ya nyumbani, si kwa kazi ya malipo. Zile kopi zilizovunjwa zinazogawiwa kwa flashi huja na virusi vyake, na ukumbini virusi hujitokeza kwa jina la kompyuta nzito.

Uzito huo unagusa kadi pia. Kompyuta haichakati sauti tone kwa tone. Inakusanya fungu, kisha inalitoa. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, fungu la 128 ni kama milisekunde 3, la 512 ni 12, la 1,024 ni 23. Kwenye bongo fleva ya mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600, na 23 huzisikii. Weka singeli ya mapigo 220: pigo ni milisekunde 273, robo yake ni 68, na ule ucheleweshaji umekula theluthi ya robo pigo. Hapo mkono unaskrachi na sauti inafuata nyuma, na dijei anadhani ni sindano. Mara nyingi ni draiva. Windows bila draiva nzuri ya ASIO, aina iliyotengenezwa kupitisha sauti bila kuchelewa, hulazimika kuongeza fungu ili sauti isikatike. ASIO4ALL husaidia kadi isiyo na draiva yake, lakini ni kiraka. Kadi ambayo mtengenezaji wake bado anatoa draiva ya ASIO ina thamani kuliko kadi yenye jina kubwa isiyo nayo. Hili ni la kuuliza kabla ya bei.

Kuna mambo ya hapa ambayo kampuni yoyote haijayapima. Jenereta na adapta ya kompyuta huleta mngurumo kwenye waya za fono, na mngurumo ukiingia kwenye mlio wa taimukodi programu inaanza kuyumba. Ule waya mwembamba wa ethi wa mashine ya santuri usiachwe ukining'inia. Vumbi la Masasi linajaa kwenye ncha ya sindano. Chumvi ya hewa ya Shangani na Mikindani inaleta kutu kwenye viungio, na kiungio kibovu kinaua upande mmoja wa mlio, ambao ni nusu ya habari yote. Besi ya spika ikitikisa meza sindano inaruka. Kwa sababu hiyo kazini tumia hali ya mwendo tu, ambapo programu inafuata kasi na kupuuza mahali sindano ilipo. Wanaoskrachi mashindanoni wana sababu ya kutaka vinginevyo. Harusini hakuna sababu hiyo.

Na vipuri viko mbali. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama. Sindano iliyovunjika wiki hiyo ilibaki imevunjika. Hii ni hoja dhidi ya mfumo mzima wa santuri, na upande wa kontrola wana haki ya kuitumia. Jibu langu ni sindano mbili za akiba, na kontrola ndogo chini ya meza.

Anayejifunza, mwenye kompyuta ya kawaida na nafasi ya kukosea, achukue kadi ya mtumba yenye fono na Mixxx. Mwenye harusi kila Jumamosi abaki na VirtualDJ, kwenye kadi yenye fono na draiva hai, iwe ya kampuni yoyote. Serato ni ya anayenunua kipya, au anayepiga kwenye kumbi za Dar ambako mikisa ya kilabu imeshaidhinishwa nayo.

Ukienda Kariakoo, nenda na kompyuta yako, santuri moja ya taimukodi, na mashine ya santuri ya kuazima kama muuzaji hana. Weka draiva palepale dukani, si nyumbani. Chomeka kwenye jozi ya kwanza ya viingilio, tazama mduara. Hamia jozi ya pili, tazama tena. Mduara uliobonyea kuwa mstari unamaanisha upande mmoja haupokei, na badilisha waya kwanza kabla ya kuilaumu kadi. Muuzaji akisema haina haja ya kujaribu kwa sababu taa inawaka, mrudishie kisanduku chake.